Anza na majani ya porini, nyundo baadaye

Wadogo zangu mnaoanza kusoma visukuku vya majani, yaani mabaki ya majani ya kale yaliyohifadhiwa ndani ya mawe, nyundo iacheni kwanza. Wiki ya kwanza ingieni porini. Sisi wa Tabora tunaipita mitundu na miuba, miti ya pori la miombo, kila siku bila kuitazama. Chuma jani bichi, liinue juani: mshipa mkuu, mishipa ya pembeni, vijishipa vilivyofumana kama wavu. Kisha angalia kikonyo. Pale kinapoungana na tawi kuna kivimbe chenye makunyanzi. Kikariri kivimbe hicho, maana ni alama ya jamii ya mikunde na kinaweza kuonekana hata kwenye jiwe.

Nasisitiza hili kwa sababu ya Mahenge, kule Singida. Miaka kama milioni 46 iliyopita palikuwa na ziwa ndani ya shimo la volkano. Majani yalidondoka, yakazama, tope laini likayafunika tabaka kwa tabaka. Wataalamu wa visukuku vya mimea, Bonnie Jacobs na Patrick Herendeen, walipoyachunguza walikuta mikunde imetawala, na pori lenyewe likifanana na miombo yetu. Ajabu kubwa!

Kwa nini jani lisioze? Fikiria Ziwa Tanganyika pale Kigoma. Kina chake hufika mita 1,470, na kuanzia mita 200 hivi kwenda chini maji hayana oksijeni. Jani likifika huko, hakuna mdudu wa kulitafuna.

Sasa jiwe. Lisimamishe kwa ubavu, tia tindo nyembamba kati ya kurasa zake, gonga taratibu. Likifunguka unapata pande mbili za jani moja, na zote mbili ni mali. Nilipoanza niliandika namba upande mmoja, wa pili nikautupa kwenye kifusi. Miezi baadaye, nikipima, nikagundua ukingo wa jani ulibaki kwenye ule niliotupa. Na ukingo ndio unaosema habari za hali ya hewa, kwani kwenye misitu ya joto majani mengi hayana meno. Iliniuma sana. Andika A na B palepale, kabla hujainua jiwe la pili.

Jiwe lenye unyevu likikaushwa juani hupasuka, na ngozi nyeusi ya jani hubanduka vipande vipande. Piga picha mapema, jua likiwa chini ili mwanga uje kwa ubavu. Funga kwa karatasi laini ya chooni, weka kivulini. Usilioshe, usipake gundi.

Kibali pia. Visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa hiyo barua iwe mkononi kabla ya safari.