Kanda zimelowa, bosi anataka tuzianike juani

SWALI: Shikamoo anko. Nafanya kazi kituo kidogo cha tivii hapa Tanga, mvua za juzi maji yameingia stoo ya chini na kanda za video kama mia mbili zimelowa, nyingi Betacam (zile za kazi za vituo vya tivii), VHS chache, ndo kazi zetu zote tangu tunaanza. Bosi kasema tuzianike juani zikikauka tuzijaribu kwenye mashine. Ni sawa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mzuie bosi kwanza! Ule utepe ni plastiki iliyopakwa unga wa chuma kwa gundi, picha yako iko kwenye huo unga, sasa gundi imeshakunywa maji halafu unaipiga na jua, itanata na utepe utajikunja. Hea draya nayo hapana, friza pia hapana, kugandisha ni kwa karatasi zilizolowa siyo kanda. Na usiingize kanda mbichi kwenye mashine, itakatika na uchafu ubaki kwenye hedi, ile sehemu ya mashine inayosoma utepe, halafu kanda nzima utakayoweka baadaye nayo iende na maji.

Fanyeni hivi. Zitoeni kwenye makava, andikeni namba kwa penseli kwenye kikaratasi kikae na kila kanda maana lebo zitabanduka tu. Zenye tope zisikauke na tope lake, fungueni skrubu msuuze kwa maji ya distilled, yale wanayouza ya kuongezea betri (siyo asidi jamani, someni chupa!), kisha zisimamisheni wima kama vitabu, kivulini, feni inapuliza kwa mbali. Ukiona unga mweupe kwenye kidirisha cha kaseti huo ni ukungu, vaa barakoa na uitenge. Anzeni na zile ambazo hazina kopi popote, msianze na zilizo karibu na mlango.

Ila nikwambie ukweli, kanda nyingi hazijauliwa na maji wala moto, tumeziua sisi wenyewe. Miaka ya tisini nilikuwa kituo kimoja, kanda mpya hazinunuliwi, ukitumwa kushuti unachukua ya zamani unarekodi juu yake. Nimefuta kwa mkono wangu usiku mzima wa taarab ili nirekodi ufunguzi wa choo cha soko. Hadi leo naumia.

SWALI: Anko, sisi huku Unguja tumeshapandisha vipindi YouTube, si inatosha? Kuna haja gani ya madiski tena?

JIBU: Haitoshi dada yangu. YouTube inaibana video, ubora unashuka, na akaunti ikifungwa au aliyekuwa na paswedi akiacha kazi mmebaki mnatazamana. Wekeni kopi tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ilale nje ya jengo, siyo chumba cha pili, nje kabisa, hata benki. Zanzibar mlikuwa na tivii ya rangi tangu miaka ya sabini wakati sisi bara tumesubiri hadi 1994, nyie ndo mna vingi vya kupoteza.

Hiyo kopi ya nje siyo mambo ya wazungu kujitia uangalifu, wao wenyewe imewaokoa kwa bahati tu. BBC miaka ya sitini na sabini walikuwa wanafuta vipindi kwa sababu kanda ni ghali, tamthilia yao ya Doctor Who ikapoteza vipande kibao, ila walikuwa wameshauza kopi za filamu kwa vituo vya nje. Mwaka 2013 wakatangaza vipande 9 vimepatikana, wapi? Jos, Nigeria, stoo ya kituo cha tivii! Yaani London kwenyewe havipo, vimekaa Afrika miaka yote hiyo. NASA, wale wa anga za juu wa Marekani, je? Kanda halisi za Apollo 11, safari ya kwanza ya watu kutua mwezini, zilizorekodi ile picha ya huko, 2009 wakakiri inaelekea zilifutwa zikatumika upya.

SWALI: Tukishahamisha zote kwenye kompyuta tuuze mashine?

JIBU: Usiuze. Funai wa Japani, kiwanda cha mwisho cha deki za VHS, waliacha kutengeneza 2016, na kuna siku mtagundua faili fulani lilikwama katikati mkahitaji kurudia. Ukisikia kituo jirani wanatupa yao, hata iliyokufa, nenda na bajaji uichukue, utatoa spea.