Vipuri sanifu kwenye dai: ushauri kwa fundi anayeanza

Ukiingia kwenye kazi ya kuchora dai (kwa Kiingereza die, kifaa kinachofungwa kwenye mashine ya presi) za kukata na kukunja bati, utakuta baadhi ya wenzako wanapimana ubingwa kwa idadi ya vipande walivyobuni wenyewe. Achana na mashindano hayo. Dai nzuri ni ile ambayo fundi wa zamu ya usiku, asiyekujua na ambaye hajawahi kuona mchoro wako, anaifungua, anatoa panchi (pini ya chuma kigumu inayotoboa bati) iliyovunjika, anachukua nyingine stoo, na presi inaendelea kupiga. Hilo halifanyiki kama panchi ile ni ya kuchongwa kwa mkono wako tu.

Wengi hutetea vipuri sanifu, yaani vinavyonunuliwa tayari kwa vipimo vya kiwango, kwa sababu ya bei. Ni hoja ya kweli, lakini si hoja yenye nguvu. Bosi ataikata kwa kukuonyesha kwamba chuma kipo uani na mashine ya kusaga ipo bure mchana huu. Hesabu saa ambazo presi inasimama ukingoja panchi ichongwe, ipelekwe kwenye tanuri igumishwe, irudi isagwe. Hapo ndipo pesa inapotea, na hapo ndipo utakapomshawishi.

Sasa jambo ambalo wanaoanza hulikosa zaidi ya yote: katalogi ya vipuri hufunguliwa mwanzoni mwa kazi, si mwishoni. Kijana huchora mabamba yake kwa unene uliompendeza machoni, kisha anakwenda kutafuta panchi ya kuingia humo na kukuta inayohitajika ni ya milimita 76. Panchi za duara za viwango vya kimataifa huja kwa urefu kama 71, 80 au 100. Basi anaagiza ya 80 na kuikata. Akishaikata, si sanifu tena, hata kama imetoka kwenye boksi lenye nembo. Chagua urefu wa panchi kwanza, kisha ugawanye: kiasi hiki kwa bamba linaloishika, kiasi hiki kwa springi zikishabonyea, unene wa bamba linalovua bati, bati lenyewe, kina cha kuingia ndani ya dai, na akiba ya kunolewa. Ukisahau hiyo akiba, panchi itatupwa ikiwa bado nzima.

Vivyo hivyo kwenye uwazi kati ya panchi na pete ya kukatia, ile yenye tundu ambamo panchi inaingia. Chukua tundu la milimita 10 kwenye bati la chuma laini lenye unene wa milimita 2. Kipimo cha tundu hutoka kwenye panchi, kwa hiyo panchi ni 10. Ukitaka uwazi wa asilimia 8 ya unene kila upande, ni 0.16, na pete inakuwa 10.32. Je, uagize pete maalumu ya 10.32? Hapana. Chukua ya 10.3. Uwazi unashuka hadi 0.15 kila upande, na bati halitajua tofauti. Kumbuka tu kwamba mambo hugeuka unapokata kipande ambacho ndicho bidhaa: hapo kipimo hutoka kwenye pete, na uwazi unautoa kwenye panchi.

Springi nitazikalia kidogo, kwa sababu zinaonekana rahisi na ndizo zinazoumiza watu. Kwanza nguvu. Kutoboa tundu letu lile kunahitaji mzingo mara unene mara uwezo wa chuma kuhimili kukatwa. Ukichukua megapaskali 350, unapata kama kilonewtoni 22. Kuvua bati kutoka kwenye panchi mara nyingi huhitaji asilimia 10 hadi 15 ya hiyo. Kwa matundu sita, unatafuta kilonewtoni 13 hadi 20 kutoka kwenye springi zako zote. Na ukadirie nguvu hiyo zikiwa zimeshaachia mwendo wa kurudi, si pale zilipobanwa hadi mwisho. Wanaoanza husoma namba kubwa iliyo upande wa kulia wa jedwali la springi na kufurahi.

Pili rangi. Kwa kiwango cha ISO 10243, kijani ni springi nyepesi, bluu ya wastani, nyekundu nzito, na njano nzito kupita zote. Kwa kiwango cha Kijapani, njano ndiyo nyepesi kuliko zote na kijani iko upande wa nzito, chini ya kahawia. Dai iliyotoka kwa mteja mwenye vipuri vya Kijapani ikirekebishwa kwa kutazama rangi peke yake, fundi ataweka springi laini mahali pa ngumu, bati litaning'inia kwenye panchi, na pigo linalofuata litavunja kitu. Kwenye orodha ya vipuri andika namba kamili ya springi na kiwango chake. Rangi iwe ya kumsaidia mtu stoo tu.

Tatu, kipenyo kinachoandikwa kwa ISO ni cha tundu ambamo springi inaingia: 16, 20, 25, 32 na kuendelea. Toboa kwa kipimo hicho, usiongeze "kidogo kwa usalama". Na ikivunjika moja, badilisha zote za bamba lile. Zile zilizobaki zimechoka pamoja nayo.

Springi za gesi ya naitrojeni ni nzuri pale nafasi ni ndogo na unataka nguvu tangu mwanzo wa mwendo. Zinajazwa hadi shinikizo la bar 150. Usiikate, usiichomelee, usiipashe moto, na usiifungue kabla ya kutoa gesi kama mtengenezaji alivyoelekeza. Sina la kuongeza hapo.

Bolti hubana, doweli (pini laini isiyo na uzi nje) huweka mahali. Anayetegemea bolti kuweka bamba mahali pake atarudi kupima kila baada ya matengenezo. Doweli mbili, zikiwa mbali iwezekanavyo, pini ya m6 kwenye tundu la H7 (alama za kiwango za jinsi pini inavyokaza tunduni, si ukubwa wa bolti), na tundu lipite hadi upande wa pili ili mtu aweze kuigonga itoke. Pasipowezekana kupitisha, nunua doweli yenye uzi ndani. Mwenye kuvunja dai yako miaka mitano ijayo atakubariki au atakulaani kwa tundu hilo moja.

Nguzo za mwongozo, zinazoongoza nusu ya juu ya dai ikutane sawasawa na ya chini, zinauzwa pamoja na bushi zake, tena nyingi ni za kubadilishana kati ya watengenezaji. Hakikisha nguzo moja ina kipenyo tofauti au imesogezwa kidogo, ili nusu ya juu isiweze kukaa kinyume.

Kuna mahali matumizi ya vipuri sanifu yanafika mwisho. Sehemu inayolipatia bati umbo lake ni ya bidhaa hiyo peke yake, wala usijilazimishe kutafuta kipuri chake. Vishikizo vya panchi vinavyofunga kwa gololi hurahisisha kubadilisha panchi bila kuvunja dai, lakini kwa bati nene na nguvu kubwa za kuvua, mimi huchagua panchi yenye kichwa. Kuhusu fremu moja inayopokea viini (sehemu za ndani zinazobadilishwa) vya bidhaa kadhaa, inafaa kwa oda ndogo ndogo. Bidhaa mbili zikianza kuhitajika wiki moja, utaona watu wa uzalishaji wanagombana juu ya fremu yako, na hapo ni afadhali kila moja iwe na yake. Urefu wa dai kwenda juu nusu zake mbili zikiwa zimekutana, ambao ndio unaowapa kazi mafundi wa kufunga dai, jitahidi uwe mmoja kwa dai zote za presi ileile.

Ikibidi kubadilisha kipuri sanifu, kwa mfano kukata ubapa kwenye kichwa cha panchi isizunguke, kipe namba yako mwenyewe ya mchoro, na useme kimetokana na kipi. Kukiacha na namba ya katalogi ni kumtegea mtego yule wa zamu ya usiku.

Kabla ya kuchora dai yako ya kwanza, omba daftari la stoo ukapekue ni panchi, springi na pete zipi zinatoka mara nyingi. Chora kwa hizo.