Usipakie bastola ya marehemu kwenye begi la nguo

Mkuu, kwanza pole kwa msiba. Umeuliza kama unaweza kuisafirisha bastola ya marehemu mzee kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, hadi Mwanza, ukiiviringisha kwenye kanga ndani ya shangazi kaja, kwa kuwa hakuna atakayejua. Nimepakia na kushusha mizigo ya meli na boti hapa ziwani tangu ujana wangu. Nakusihi, usifanye hivyo.

Hatari iko hapo hapo kwenye kutojua. Begi lako litapita mikono mingi. Kuli anamrushia mwenzake, mwenzake analidaka kwa kifua, kisha linarundikiwa magunia ya mihogo na machungwa, na mama mwenye mtoto anakaa juu yake. Kuna siku tulipokea furushi refu la mkeka, mwenyewe akasema ni mipini ya majembe. Liliegemezwa ukutani, likateleza, likaanguka. Mkeka ulipofumuka tukaona mtutu wa gobore, fataki, kile kidude cha kuwasha baruti, ikiwa bado mahali pake. Askari alipolikagua akakuta limeshindiliwa baruti na vyuma. Mdomo wa mtutu ulikuwa umeelekea walipokaa abiria.

Bastola nayo ina yake. Ukichomoa magazini, yaani kisanduku cha risasi, risasi moja yaweza kuwa imebaki chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa tayari kufyatuliwa. Begini hakuna ala ya kuifunika, kwa hiyo funguo au kitana kinaweza kuingia kwenye kifyatulio, na bastola nyingi za zamani zinaweza kulia zikianguka tu.

Watu wameficha silaha kwenye vitu vya kawaida tangu zamani. Karne ya 19 kampuni ya Remington ya Marekani iliuza fimbo za kutembelea zenye bunduki ndani. Baadaye Heckler & Koch ya Ujerumani ikatengeneza begi la mkononi la kubebea bunduki ndogo ya MP5K kwa ajili ya walinzi, kifyatulio kikiwa kwenye mshikio. Hata kwa mlinzi aliyefunzwa, silaha ya namna hiyo inafyatuliwa bila kulenga sawasawa. Mei 1972, watu watatu walishuka uwanja wa ndege wa Lod, Israeli, wakachukua mizigo yao, wakatoa bunduki na kuua watu 26. Januari 1973 Marekani ikaanza kukagua abiria wote wa ndege pamoja na mabegi yao.

Na sisi wa Mwanza tusione hayo ni ya mbali. Februari 1982 ndege ya Air Tanzania iliyoruka hapa kwenda Dar es Salaam ilitekwa na watu waliotaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ilipitishwa Nairobi, Jeddah na Athens hadi Stansted, Uingereza. Rubani msaidizi alijeruhiwa kwa risasi. Ndiyo maana sikasiriki askari anaponisachi getini, na wewe usikasirike.

Sasa la kufanya. Iache ilipo, usiiguse, funga chumba, watoto wasiingie. Nenda polisi mikono mitupu, ueleze kuwa marehemu aliacha silaha, uombe waje kuichukua. Nenda na kitabu chake cha leseni kama kipo, lakini leseni hiyo ilikuwa ya mzee, haikuruhusu wewe. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, ukitaka kuimiliki utaomba ya kwako. Kama kwenda peke yako kunakutia hofu, mwombe mwenyekiti wa kijiji akusindikize.