Picha za wadudu wa bustanini: flashi kwanza, lenzi baadaye

Dar haina majira ya machipuko, lakini masika yakikatika, mwishoni mwa Mei hadi Juni, majani bado mabichi na wadudu tele. Toka kati ya saa 12:30 na saa 2 asubuhi. Wadudu wengi hutegemea joto la jua, hivyo alfajiri panzi na kereng'ende wamezubaa tu kwenye majani, umande mgongoni. Ukingoja saa 4 utakuwa unawafukuza.

Anayeanza huulizia lenzi. Ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 90 au 100 inafaa, kwa kuwa hukuacha mbali kidogo na mdudu. Mfuko ukibana, tafuta lenzi kuukuu ya milimita 50 uifunge kinyumenyume kwa pete maalumu. Iwe ile ya kufungia tundu (mlango wa mwanga ndani ya lenzi) kwa mkono, maana ikigeuzwa haiwasiliani tena na kamera.

Kazi yenyewe iko kwenye mwanga. Mdudu akionekana kwenye sensa, kile kibamba cha kamera kinachopokea picha, kwa ukubwa wake halisi, hata kwa f/11 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo) sehemu inayotoka kali ni kama milimita moja: jicho safi, miguu ukungu. Wengi hujibu kwa kukaza tundu hadi f/22, na picha nzima inapoteza ukali, kwa sababu mwanga ukipenya tundu dogo mno hutawanyika. Baki f/8 hadi f/11. Giza utakalopata liondoe kwa flashi: ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) 200, shata (muda wa kupokea mwanga) 1/160 ya sekunde, flashi uipange mwenyewe kwenye 1/16 ya nguvu yake, kisha panda au shuka kulingana na unachokiona. Kwa nguvu hiyo mweko ni mfupi kuliko shata, ndiyo maana mtetemo wa mkono hauonekani.

Flashi tupu huacha doa jeupe kwenye mgongo wa mbawakawa. Kata kipande cha dumu jeupe la maziwa, kipinde mbele ya flashi, kikaribie mdudu kadiri anavyokuvumilia. Kipana na cha karibu ndicho kinacholainisha. Kidogo cha mbali hakisaidii kitu.

Zima fokasi ya kamera inayojilenga yenyewe. Bana viwiko mbavuni, lenga jicho, sogeza mwili mzima mbele na nyuma taratibu, piga jicho linapokuwa kali. Katika picha 20, mbili zikifaa si haba. Kusi likivuma, shikiza shina kwa kibanio cha nguo kwenye kijiti ulichochomeka ardhini.

Jifunzie kwa wasio na haraka: vidukari chini ya majani ya bamia, vunjajungu, au kiwavi kwenye mlimau. Huyo akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege. Akiguswa akiwa mkubwa hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali, basi uwe tayari. Majimoto, wale sisimizi wakali wa kwenye mwembe, waache kwanza: hawatulii, na watakupanda shingoni. Wapo pia wanaotia wadudu kwenye friji ili watulie. Si uungwana, na picha husema: miguu imejikunja, mkao wa maiti.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa. Ukiitoa papo hapo kioo kinafunga ukungu, na unyevu ukizoea kubaki ndani, kuvu huota kwenye lenzi.