Mwalimu wa tai chi: muulize alisahihishwa na nani

Ndugu uliyeuliza kama cheti kinatosha kumtambua mwalimu wa tai chi anayefaa (tai chi ni sanaa ya mapigano ya Kichina inayofanywa polepole, nayo hufanywa pia kwa ajili ya afya), naomba nikujibu kwa kirefu, kwa sababu nilianza kujifunza nilipokuwa nikisoma Zhengzhou, mkoani Henan nchini China, na tangu wakati huo nimepita mikononi mwa walimu walioifikia kazi hiyo kwa njia tofauti kabisa. Kwa maoni yangu, kabla ya kuulizia cheti, uliza mwalimu huyo alisahihishwa na nani, ana kwa ana, na kwa muda gani.

Wengi huamini kuwa mwalimu wa kweli ni yule wa ukoo wa Chen, kutoka kijiji cha Chenjiagou mkoani Henan, ambako sanaa hii ilirithishwa kizazi baada ya kizazi. Ukoo una uzito wake, na sina nia ya kuubeza. Hata hivyo, Yang Luchan, aliyezaliwa mwaka 1799 huko Yongnian mkoani Hebei, hakuwa mtu wa ukoo huo. Alikaa miaka mingi akifunzwa na Chen Changxing, mwalimu wa ukoo wa Chen, kisha akaenda kufundisha Beijing, na mtindo wa Yang unaofuatwa leo na mamilioni ya watu umetoka kwake. Hata wenye jina la Chen lenyewe walihitaji kufundishwa. Chen Zhaopi aliporudi kijijini mwaka 1958, akiwa amevuka umri wa miaka 60, ndiye aliyewalea katika sanaa hii vijana kama Chen Xiaowang na Chen Zhenglei, ambao baadaye walifundisha katika nchi nyingi.

Wapo pia walioletwa na maradhi. Zheng Manqing alikuwa mchoraji, mshairi na tabibu. Alipougua kifua kikuu aligeukia tai chi, akawa mwanafunzi wa Yang Chengfu, mjukuu wa Yang Luchan, na mwaka 1964 alihamia New York, ambako alifundisha mfululizo alioufupisha hadi mikao 37. Walimu wa njia hii, kwa jinsi nilivyowaona, huwavumilia sana wazee na wagonjwa, ingawa mwalimu akianza kukuahidi kwamba utaacha dawa, ondoka siku hiyo hiyo. Wengine walitoka kwenye dansi, kama Sophia Delza, Mmarekani aliyejifunza Shanghai kwa Ma Yueliang, mkwe wa Wu Jianquan, bingwa wa mtindo wa Wu.

Kundi unaloweza kukutana nalo kwa urahisi zaidi siku hizi ni la wahitimu wa vyuo vya michezo na la watu waliosoma kozi za siku chache. Wote hawa kwa kawaida hufundisha mfululizo wa mikao 24, uliotungwa na tume ya michezo ya China mwaka 1956 ili umma ujifunze kwa wepesi. Nilifundishwa na kijana mmoja wa aina hiyo, na sijaona mtu anayemzidi katika kuliongoza kundi kubwa: alipanga mikao vizuri, alihesabu kwa sauti, na kila mtu alijua mguu upi unafuata. Lakini hakumgusa mtu. Wenzangu waliolalamikia magoti waliambiwa washuke zaidi ili misuli ipate nguvu.

Mwalimu wangu wa bustanini alikuwa mama mstaafu wa kiwanda cha nguo, asiye na cheti chochote, aliyejifunza kwa mzee mmoja kila alfajiri kabla ya zamu kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Alikuwa akiweka vidole viwili kwenye mkunjo wa nyonga yangu, pale paja linapokutana na kiwiliwili, akavibonyeza taratibu hadi nyonga ilegee na uzito ushuke kwenye unyayo, kisha akaangalia kama goti bado linaelekea zilipo ncha za vidole vya mguu. Nyonga ikikakamaa, alinifafanulia, mwili hutafuta mahali pengine pa kugeukia, na mahali hapo huwa ni goti, ambalo kazi yake ni kukunja na kunyoosha, wala halikuumbwa kusokotwa likiwa limebeba uzito. Mkao mmoja ulituchukua wiki kadhaa. Alijua pa kubonyeza kwa sababu naye alibonyezwa pale pale na mzee wake.

Kwa hiyo, ukimwendea mwalimu, mweleze kwa heshima: «Mwalimu, ninapogeuka goti huniuma upande wa ndani, nifanyeje?» Aliyefunzwa vizuri atakuomba ugeuke mbele yake, atatazama nyonga na unyayo kabla ya goti, na pengine atakufupishia hatua au kukuinua kidogo. Muulize pia kama bado anakwenda kusahihishwa na mwalimu wake, au na wenzake iwapo mwalimu amefariki. Cheti anaweza kukuonyesha baada ya hapo.