D siyo nakala, mkuu. Mwambie fundi asije kesho

Mkuu, ahirisha hiyo kazi leo hii. Umeandika kwamba kesho fundi anakuja kukupigia Windows 11 na huna wasiwasi kwa sababu "vitu vyote nimeshavihamishia D". Nimeisoma hiyo sentensi moyo ukanipasuka. Maneno hayo hayo niliyasema mimi Novemba 2025, nimesimama nyuma ya kiti cha fundi na kikombe cha chai mkononi.

C na D ni herufi za mafungu ya kuhifadhia faili ndani ya kompyuta, na D siyo diski nyingine. Kwenye mashine nyingi za nyumbani C na D ni diski moja iliyochorwa mstari katikati. Kuhamisha picha kutoka C kwenda D ni sawa na nyumba inaungua, wewe unatoa godoro chumbani unalilaza sebuleni. Bofya kulia kwenye alama ya Windows, fungua Disk Management uangalie. Ukiziona zote mbili kwenye mstari wa Disk 0, ujue siku ya msiba zinaondoka pamoja.

Mashine yangu ilikuwa ya mtumba, Intel kizazi cha 8, kwa hiyo vigezo vya Windows 11 ilivifikia. Shida ni kwamba aliyeniuzia aliipiga Windows 10 kwa mtindo wa zamani, diski ikiwa na mpangilio wa MBR, yaani namna ya zamani ya kugawa diski. Windows 11 inataka UEFI (mfumo mpya wa kuwasha kompyuta), na UEFI inataka diski iwe GPT (mpangilio mpya wa kugawa diski). Mimi hayo sikuyajua, na sikupaswa kuyajua, ndiyo maana nilimwita fundi! Akaingia BIOS (mipangilio ya kuwasha mashine), akabadilisha anachobadilisha, akachomeka flashi yake. Ikagoma: diski hii ni MBR, haiwezekani. Nikamuuliza kama kuna tatizo. "Dogo tu hilo, kaka." Akafungua lile dirisha jeusi, akaandika diskpart (zana ya kugawa diski), akachagua diski, kisha akaandika neno moja: clean.

Amri hiyo haijui C wala D. Inafuta mgawanyo wote wa diski, na haikuulizi mara ya pili kama una uhakika. Hata chai yangu haikuwa imepoa.

Kulikuwa na mauzo ya duka la mke wangu tangu 2017. Hayo tuliyapatapata kwenye madaftari. Kulikuwa na picha za watoto, nyingine ndugu walizirudisha kwa WhatsApp zikiwa na ukungu. Lakini kulikuwa pia na sauti ya marehemu baba, karibu saa mbili, akitaja majina ya ukoo wetu tangu babu wa babu yake, nani alihama na nani, nani alizikwa wapi. Nilimrekodi mwenyewe barazani. Ile simu iliibiwa, nakala iliyobaki ilikuwa moja tu, na ilikuwa D.

Na aliyeniambia niiweke D ni fundi huyo huyo, siku mbili kabla, kwa simu: "Weka kila kitu D, D haiguswi." Kabla hamjaanza kunisema, yule bwana alikuja na bisibisi nane na flashi saba kwenye pete moja, kama funguo za mlinzi wa shule. Hata wewe ungemwamini. Kinachoniuma zaidi ni kwamba ndani ya Windows 10 yenyewe, tangu 2017, kuna amri inaitwa mbr2gpt, inayogeuza MBR kuwa GPT bila kufuta faili. Ilikuwa pale pale. Hakuijua, au aliijua akaona inamchelewesha. Alipomaliza aliomba na nauli.

Nilipeleka diski kwa mtu wa kufufua data. Aliniuliza mambo mawili tu: ni SSD (diski isiyozunguka)? D imefomatiwa upya? Zote ndiyo. Akanieleza kwamba ukifomati SSD, Windows inaiambia diski kuwa nafasi hizo hazitumiki tena, na diski inazisafisha yenyewe. Diski ya zamani ya kuzunguka angeweza kuihangaikia. Hakunitoza hata shilingi.

Kwa hiyo sikiliza. Nakala ni kitu ulichokichomoa. Nunua au azima diski ya nje, mwaga humo kila kitu, halafu ipeleke kwenye kompyuta nyingine, ya jirani, ya ofisini, yoyote. Fungua picha kumi, fungua mahesabu, sikiliza sauti mpaka mwisho. Kisha ichomoe uifungie kabatini, na fundi asijue hata iko wapi. Diski ya nje ikibaki imechomekwa wakati wa kazi, nayo iko hatarini, maana kwenye diskpart kati ya Disk 0 na Disk 1 ni tarakimu moja tu.

Jambo jingine kabla hajagusa BIOS: angalia kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data. Inawezekana imefungwa na huna habari. Ukibadilisha TPM (chipu ya usalama) au Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwasha), mashine inaweza kuwaka na skrini ya bluu ikidai ufunguo wa tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, uutafute, uunakili kwenye karatasi.

Umeuliza kuhusu RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi: GB 8 inatosha, kima cha chini cha Windows 11 ni GB 4. Na hiyo haraka imetoka wapi? Ni kweli Windows 10 ilifikia mwisho 14 Oktoba 2025, lakini mtumiaji wa nyumbani anaweza kujiandikisha kwenye Windows Update akapata viraka vya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Kesho siyo lazima.

Kama lazima aje, muulize kabla hajakaa: "Diski yangu ni MBR au GPT, na kama ni MBR utafanyaje?" Akijibu "dogo tu hilo", mpe chai yake, mpe nauli, aende.

Anakuja saa ngapi? Una diski ya nje au huna?