Kabla ya kuletewa dawa ya moyo kwenye begi

Mwaka jana binamu yangu aliyeko Marekani alinipigia simu kwa shangwe: "Dada, dawa ya ugonjwa wetu imepatikana! Nikija Krismasi nakubebea."

Ugonjwa wetu ni ule wa kurithi, msuli wa moyo kunenepa. Ndio uliomchukua kaka yangu kule Kibosho, akipandisha mlima na mkungu wa ndizi begani. Ukuta wa moyo wangu una milimita 19, na propranolol, dawa yangu ya kutuliza mapigo ya moyo, haitoki kwenye pochi.

Nikamwendea daktari hapa Moshi, haleluya mdomoni. Akaniuliza: "Wewe njia yako ya damu inabanwa?" Sikujua. Miaka minne ya kliniki, sikuwahi kuuliza!

Dawa yenyewe, mavacamten, iliruhusiwa Marekani Aprili 2022 baada ya kujaribiwa kwa watu 251, wiki 30, wengine wakipewa vidonge visivyo na dawa ndani bila kujua. Wote walikuwa wale ambao ukuta mnene unabana damu isitoke vizuri moyoni. Iliwasaidia. Mwaka 2025 yakatoka majibu ya wasiobanwa, na kwao dawa haikufikia malengo ya jaribio. Cheti changu cha eko, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, kilisema mimi ni wa kundi hilo la pili.

Halafu dawa hii hupunguza nguvu ya moyo kusukuma damu. Ikizidi, moyo unashindwa kazi, ndiyo maana anayeimeza hupigwa eko mara kwa mara. Hata omeprazole, hii tunayonunua kama pipi kwa ajili ya kiungulia, huongeza kiwango cha mavacamten mwilini. Sasa vidonge vya kwenye begi nani angevipimia eko? Nilinuna kwenye daladala mpaka Kiborloni, lakini daktari alikuwa sahihi.

Kwa hiyo omba cheti chako cha eko, uelezwe wewe ni wa kundi gani. Dawa ya zamani usiiache kwa habari za simu. Ukiitwa kwenye jaribio hapa nchini, uliza kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), chukua fomu ya Kiswahili uisome nyumbani, na uulize ukidhurika nani atakutibu. Kujitoa ni ruhusa siku yoyote.

Na ndugu wapimwe. Mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi.

Binamu alipofika Krismasi nilimwomba hela ya eko za watoto wawili wa marehemu kaka. Mkubwa yuko salama. Mdogo ameambiwa arudi Juni, na mpira amesimamishwa. Hanisemeshi.